Kwa mnaoanza tasnifu za Msumbiji

Wadogo zangu, rasimu zenu nimezisoma, na makosa ni yaleyale ya waliowatangulia. Tuongee kabla wasimamizi hawajashika kalamu nyekundu.

1. Tazama mwaka wa kuchapwa kwanza. Vitabu vya kabla ya uhuru wa 1975 vinasema Lourenço Marques, Porto Amélia, Vila Cabral. Leo ni Maputo, Pemba na Lichinga. Kuna rasimu imeifanya Porto Amélia na Pemba kuwa miji miwili jirani!

2. Mauaji ya Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, 16 Juni 1960. Hapa mnaniumiza roho. Karibu kila mtu kaandika, "Wareno waliua watu 600," bila tanbihi, halafu huyo, kesharuka hadi 1964. Nani alihesabu? Idadi hiyo imeenea kupitia ushuhuda wa Alberto Chipande, uliomo katika kitabu cha Eduardo Mondlane, kiongozi wa chama cha ukombozi FRELIMO, kilichotoka 1969, mwaka uleule Mondlane alipouawa kwa bomu Dar es Salaam. Watafiti wa baadaye wanataja idadi ndogo zaidi kwa mbali. Lakini msikimbilie kumwita shahidi mwongo. Msomeni taratibu. Anaeleza jinsi waliojitokeza kutaka kusema walivyofungwa mikono, watu wakasogea karibu na polisi kuzuia wasichukuliwe, ndipo gavana akawaita askari waliokuwa wamejificha. Mambo hayo yana uzito hata kama idadi inabishaniwa. Tena kumbukeni Chipande ndiye anayetajwa rasmi kufyatua risasi ya kwanza ya vita vya ukombozi, kule Chai, 25 Septemba 1964. Anaposimulia Mueda, anaeleza pia kwa nini alishika bunduki. Andikeni idadi zote mbili, mseme kila moja imetoka kwa nani. Waliokufa pale wanastahili jasho hilo.

3. Jifunzeni Kireno. Kiswahili kitawasaidia kukisikia Kimwani, lugha ya kisiwani Ibo, ila nyaraka za Arquivo Histórico, hifadhi ya kumbukumbu pale Maputo, zinataka Kireno.

4. Utamaduni msiuweke sura ya mwisho kujazia kurasa. Nyimbo za timbila (marimba) za Wachopi, zilizorekodiwa miaka ya 1940, zinalalamikia kodi na kazi za shuruti, na humo ndani mnyonge anasema mwenyewe. Barakoa za mapiko, ngoma ya Wamakonde, nazo zilichongwa hata kwa sura ya Mreno. Mnazionaje ni mapambo?

Rasimu mpya nazipokea hadi Ijumaa. Mueda isiyo na tanbihi nairudisha bila kuisoma.