Uliza Ujibiwe: Boma letu la zahanati limekwama wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, tulichangishana, tukafyatua matofali na kunyanyua boma la zahanati hadi kwenye lenta. Huu mwaka wa tatu, halijaezekwa. Diwani anasema yuko pamoja nasi, mkuu wa wilaya anatuelekeza kwa mkurugenzi. Tumshike nani? (Mwanakijiji, Nyanda za Juu Kusini, Tanzania)

JIBU: Mkuu wa wilaya anaiwakilisha Serikali Kuu, fungu lenu halishiki yeye. Zahanati iko chini ya halmashauri ya wilaya, chombo kinachoongozwa na Sheria Na. 7 ya 1982. Wanaoamua ni baraza: madiwani wa kata, madiwani wa viti maalum na wabunge wa eneo hilo. Mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, ni katibu wa baraza na ndiye mtekelezaji. Diwani mmoja hana saini ya kutoa hata shilingi.

Mara nyingi maboma ya namna hii hukwama kwa sababu hayamo kwenye bajeti, na hayamo kwa sababu yaliombwa kwa mdomo kwenye mkutano wa hadhara. Ahadi ya jukwaani haiingii kwenye kitabu cha bajeti. Kinachoingia ni muhtasari.

Anzeni upya hivi. Halmashauri ya kijiji, wale wajumbe 15 hadi 25, iandae pendekezo. Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, ulipitishe. Kisha liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani wenu ndiye mwenyekiti. Hapo pana ushindani, kwani kila kijiji kina kipaumbele chake, kwa hiyo mtu wenu awe amejiandaa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Karatasi yenu ifike kata kabla ya Desemba, maana ikifika Machi, kwa kawaida baraza limeshapitisha bajeti.

Muhtasari uwe na tarehe, orodha ya mahudhurio yenye saini na azimio linalotaja kazi moja moja: kuezeka, lipu, sakafu, milango, choo. Andikeni nguvu za wananchi kwa hesabu: matofali mangapi, mchanga tripu ngapi, fedha taslimu kiasi gani. Ambatanisheni picha na muhtasari wa kutoa eneo. Toeni nakala tatu, na ile inayobaki kijijini igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri huo mtaambiwa barua haikufika, nanyi hamtakuwa na la kujibu.

Mwiteni pia mhandisi wa halmashauri sasa, kabla ya fedha kuja. Boma lisilofuata ramani linaweza kukataliwa hata kama fungu lipo.

SWALI: Mwananchi anaruhusiwa kuingia kwenye baraza la madiwani?

JIBU: Ndiyo. Kikao cha kawaida hufanyika angalau kila miezi mitatu na kiko wazi. Unakaa na kusikiliza. Hoja yako apewe diwani mapema.

SWALI: Kijiji kimetunga sheria ndogo ya mbuzi wanaozurura. Faini ianze lini?

JIBU: Si siku ya mkutano wa kijiji. Wananchi wakishatoa maoni, halmashauri ya kijiji huipitisha na kuipeleka wilayani pamoja na muhtasari. Ni mpaka baraza la madiwani liidhinishe. Faini iliyotozwa kabla ya hapo haina sheria nyuma yake, na aliyelipa ana haki ya kuidai.