Seli changa ya neva hutambulikaje?

Mwalimu, seli za mimba changa zinafanana. Mtaalamu anajuaje ipi itakuwa neva? (Kidato cha sita, Kasulu)

Mchikichi mchanga unaujua: majani yake ya kwanza ni mazima, hayajachanika, na kwa kuyaona tu mkulima anajua mche umefika wapi. Kwenye seli, protini ndizo zinazosema hivyo. Seli inapoanza kushika njia ya neva, ndani ya kiini kuna protini za Sox2 na Pax6, na nje ya kiini nyuzi za nestini, jina lililotolewa mwaka 1990. Ikiacha kugawanyika na kuanza safari ya kwenda mahali pake, nestini hupungua, zikajitokeza dablikotini na tubulini ya beta-3. Ikikomaa, dablikotini hutoweka na NeuN hujaa kwenye kiini. Usitegemee alama moja: Sox2 ipo hata kwenye seli za awali kabisa, ambazo bado zinaweza kuwa chochote. Hapo ndipo wengi hukosea.

Zinaonekanaje?

Kwa kingamwili inayonata kwenye protini hiyo na kubeba rangi inayong'aa. Chini ya hadubini, kwenye kipande cha ubongo wa panya, seli yenye dablikotini huwaka ikiwa nyembamba, imetanguliza mkono mmoja mrefu kama mtu anayepapasa njia gizani.

Dablikotini ikiwa na hitilafu?

Seli hukwama njiani. Jeni yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza, iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mvulana huweza kuzaliwa na ubongo laini usio na mikunjo. Msichana ana X ya pili, hivyo baadhi ya seli hufika na nyingine hubaki nyuma zikafanya tabaka la pili. Kifafa huwapata wote wawili. Nawasihi wazazi: mtoto huyo hakurogwa, mpelekeni hospitali.

Nina mimba ya miezi minne. Nitapimwa alama hizi kliniki? Mdogo wangu naye kaolewa juzi. (Mama, Ujiji)

Hapana dada, hizo ni za maabara za utafiti. Ila mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kama siku ya 28 tangu mimba itungwe, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, hupunguza sana hatari hiyo ikianza kabla ya mimba. Wewe endelea na vidonge ulivyopewa, vinasaidia damu. Mdogo wako amuone muuguzi wiki hii.