Kitabu Gani cha Linux? Maswali Yenu na Majibu

Safari hii maswali yote yanahusu vitabu vya kujifunzia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Nimechukua yale yanayojirudia zaidi.

Sijawahi kutumia Linux hata siku moja. Nianze na kitabu kipi?

Anza na kitabu kinachofundisha kuandika amri kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), siyo kinachokuonyesha mahali pa kubofya. Madirisha na menyu hubadilika. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilianza kutumia mwonekano uitwao Unity mwaka 2011, kisha mwaka 2017 ikarudi kwenye ule wa GNOME, na vitabu vilivyojaa picha za Unity vikapoteza maana. Lakini amri kama ls, cp na grep ziko palepale.

Pendekezo langu ni The Linux Command Line cha William Shotts. Mwandishi mwenyewe ameruhusu PDF yake ipakuliwe bila malipo. Kinamchukua mtu asiyejua chochote na kwenda naye taratibu mpaka aandike skripti (faili za amri zinazotekelezwa mfululizo) zake mwenyewe. Baada ya hapo chukua How Linux Works cha Brian Ward, toleo la tatu la mwaka 2021, kinachoeleza yanayotokea tangu kompyuta inapowashwa. Usigeuze mpangilio huo. Ward anaeleza sababu za mambo, na sababu hazikai kichwani kama vidole havijazoea kazi yenyewe.

Nimepewa kitabu kinene cha mwaka 2009. Nikisome, au kimeshapitwa na wakati?

Kisome, ila si chote. Sura za kitabu cha Linux hazizeeki kwa kasi moja, kwa hiyo ukishaangalia mwaka wa kuchapishwa, angalia pia sura inazungumzia nini.

Fungua sura ya ruhusa za faili. Utakuta imeelezwa kwamba amri ya chmod 640 inampa mwenye faili haki ya kusoma na kuandika (4 jumlisha 2), kundi lake linapata kusoma tu (4), na wengine hawapati kitu (0). Hesabu hiyo ilikuwa hivyo kwenye Unix, mfumo uliotangulia Linux, miaka ya 1970 na ni hivyo leo. Alama ya |, inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye amri nyingine, imekuwepo tangu 1973. Sura za namna hiyo zisome bila wasiwasi.

Sasa fungua sura ya kuwasha na kuzima huduma, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Hapo utaelekezwa kwenye folda ya /etc/init.d na kufundishwa mambo ya runlevel (hali za uendeshaji wa mfumo). Red Hat Enterprise Linux 7 ilihamia systemd, programu inayowasha mfumo na huduma zake, mwaka 2014, na Debian 8 pamoja na Ubuntu 15.04 zikafuata mwaka 2015. Leo kazi hiyo inafanywa na amri ya systemctl. Sura ya mtandao nayo itakufundisha amri ya ifconfig, na mifumo mingi ya sasa haiji nayo tena, tumia amri ya ip. Kama kuna sura ya lugha ya programu ya Python, ni Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020.

Kuna njia ya haraka ya kupima: nenda kwenye faharasa mwishoni mwa kitabu utafute neno systemctl. Lisipokuwepo, ruka sura za kusakinisha, kuwasha mfumo, huduma na mtandao, halafu soma zilizobaki kwa makini. Nalisisitiza hili kwa sababu naona watu wakitupa vitabu vizuri, na wengine wakihangaika na sura zilizokufa huku wakidhani wao ndio wazito wa kuelewa. Si wazito. Sura ndiyo imekufa.

Naandika amri kama ilivyo kitabuni, lakini kompyuta inakataa. Kitabu kina makosa?

Mara nyingi kitabu hakina kosa. Angalia mwanzo wa mstari. Vitabu vingi huweka alama ya $ kuonyesha kwamba amri inatolewa na mtumiaji wa kawaida, na # kwamba inatolewa na root, msimamizi wa mfumo mwenye mamlaka yote. Alama hizo haziandikwi. Ukiandika $ ls, utajibiwa kwamba amri iitwayo $ haipo. Ukianza na #, hakitatokea chochote, kwa kuwa sheli, programu inayosoma amri zako, huchukulia mstari huo kuwa maelezo tu.

Chanzo kingine ni kunakili kutoka PDF. Wapiga chapa hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na kistari kifupi kuwa kirefu. Kwa jicho vinafanana, kwa sheli ni herufi tofauti kabisa. Ziandike amri kwa mkono wako. Utaepuka tatizo hilo, na amri zenyewe zitakukaa.

Kompyuta yangu ina Ubuntu, kitabu kinatumia Fedora. Nibadilishe kipi?

Usibadilishe kitu. Fedora nayo ni Linux: penye amri ya kusakinisha dnf install andika apt install, na ujue kwamba majina ya vifurushi (programu za kusakinisha) hutofautiana mara nyingine: seva ya tovuti ya Apache inaitwa httpd kwenye Fedora, na apache2 kwenye Ubuntu. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni ileile. Ila kama lengo lako ni kusimamia seva za mfumo fulani kila siku, tafuta kitabu cha mfumo huo. Watu wa Debian wanacho The Debian Administrator's Handbook, nacho kinasomwa bure.

Je, kitabu cha kujiandaa na mtihani wa LPIC-1, cheti cha usimamizi wa Linux, kinatosha kujifunzia?

Kwa kuanzia, hapana. Vitabu hivyo hufuata orodha ya mada za mtihani, kwa hiyo vinakurusha kutoka jambo hadi jambo. Vinafaa sana kwa mtu ambaye tayari anaitumia Linux na anataka kujua wapi ana mapengo. LPIC-1 ina mitihani miwili, 101 na 102; kabla ya kuchukua kitabu hakikisha namba ya toleo iliyo kwenye jalada inalingana na mtihani unaotolewa sasa.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Nitaviweza vitabu hivi?

Utaviweza ukichagua kwa kutazama kurasa. Tafuta kitabu kinachoonyesha amri, kisha matokeo yake yote kama yanavyotokea kwenye skrini, ndipo maelezo yafuate. Hapo unaweza kuandika amri, ukalinganisha ulichopata na kilichochapishwa, na kuelewa kabla hujamaliza aya. Kitabu chenye kurasa tatu za maneno bila amri hata moja kiache kwa sasa.

Nataka kujifunza keneli yenyewe, kiini cha Linux. Vitabu vyote ninavyoviona ni vya zamani!

Ni kweli, na hapa umri una maana mbili. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anashikilia kwamba keneli mpya isiharibu programu zilizokuwa zikifanya kazi. Ndiyo maana The Linux Programming Interface cha Michael Kerrisk, cha mwaka 2010, chenye zaidi ya kurasa 1,500, bado kinaaminika: kinaeleza namna programu zinavyoiomba keneli kazi, na maombi hayo hayavunjwi.

Ndani ya keneli hakuna ahadi ya namna hiyo. Linux Device Drivers, toleo la tatu la mwaka 2005, kiliandikwa kwa keneli 2.6.10, na mifano yake mingi haikubaliki kwenye keneli za leo. Kisome kwa ajili ya mawazo: draiva (programu inayoongoza kifaa) ni nini, kwa nini inahitaji kufuli ya kuzuia kazi mbili zisigongane, kifaa kinaitaje keneli. Kwa msimbo wenyewe, pakua keneli unayoitumia ufungue folda ya Documentation iliyomo humo. Inasahihishwa pamoja na msimbo, na anza na draiva moja ndogo ambayo kifaa chake unacho mezani.