Baba anampiga mtoto kwa hoja ya hadithi

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Tandahimba. Mwanetu wa miaka tisa alichota korosho kwenye gunia, akamuuzia mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho wa magendo. Baba yake akamcharaza fimbo hadi mgongo ukavimba. Tangu hapo mtoto akisikia pikipiki ya baba yake anakimbilia kwa mjomba, na kila akiulizwa jambo anadanganya. Mume wangu anasema Mtume kaamrisha watoto wapigwe, na mjomba anamdekeza. Je, nikimzuia napata dhambi?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu. Hupati dhambi.

Hadithi anayoitaja, iliyopokewa na Abu Daud, inahusu swala: mtoto aamrishwe akiwa na miaka saba, apigwe kwa kuiacha akifika kumi. Katikati pana miaka mitatu ya kumwambia tu, na kwa swala tano za siku ni zaidi ya mara elfu tano. Mwanao hata hiyo kumi hajafika. Na wanazuoni wakaweka mipaka: pigo lisiumize wala kuacha alama, na uso usiguswe. Mgongo uliovimba umeshatoka nje ya hadithi. Bibi Aisha amesema Mtume (s.a.w.) hakumpiga mke wala mtumishi kwa mkono wake. Anas alimtumikia miaka kumi asisikie hata "ah!".

Huo uongo nao una chanzo. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliandika kwamba anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila kwa kuuogopa mkono utakaomshukia. Mwanao anajikinga.

Mjomba msimfukuze. Huku kwetu kusini mjomba ana sauti kwa mtoto, na mtoto anayeogopa nyumbani ni heri akimbilie kwake kuliko kijiweni. Ila asimfiche kosa.

Maana wizi ni wizi. Hajabaleghe, kalamu ya dhambi haijamwandikia, lakini mali ya watu hulipwa. Baba amkalishe, amwite "mwanangu" kama Luqman alivyomwita wake, kisha mtoto aokote korosho hadi afidie alizouza. Aliyenunua kwa mtoto mdogo ndiye mwenye dhambi kubwa zaidi, na sijasikia kama kuna aliyemfuata!

Mumeo akiendelea kumuumiza, mwite mjomba na imamu wenu wakae naye. Asiposikia, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ukatili huo, na kumkinga mtoto hakukufanyi mke asiyetii.

Wallahu aalam.