Kasri na Kanisa la Milimani kwa Siku Moja

SWALI: Novemba naenda Munich, Ujerumani, kwa mafunzo ya kazi. Nina Jumamosi moja tu ya mapumziko. Nimeandika makasri ya Neuschwanstein, Hohenschwangau na Linderhof, abasia ya Ettal na kanisa la Wieskirche. Nitayamaliza yote kwa treni na basi?
Msomaji, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Hutayamaliza. Linderhof na Ettal futa kabisa, njia yake ya treni ni nyingine. Chagua Neuschwanstein na kanisa moja.

Ratiba nzima inafuata saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya kasri. Nunua mapema mtandaoni, maana za siku hiyohiyo huisha, na mlangoni pa kasri haziuzwi. Kituo cha tiketi kipo chini kijijini, Hohenschwangau. Wengi hukwama hapo: wanafika kijijini dakika 20 kabla, kumbe kupanda kwa miguu ni dakika 30 hadi 40. Kundi lako la ziara likishaingia, tiketi imekufa.

Chukua tiketi ya kuingia saa tano asubuhi. Panda treni ya Füssen kabla ya saa moja; safari ni kama saa mbili. Kutoka stesheni ya Füssen, basi namba 73 au 78 hukufikisha kijijini kwa dakika kumi hivi. Kata Bayern-Ticket, tiketi ya siku moja ya jimbo la Bavaria, na uandike jina lako juu yake. Jumamosi inatumika tangu saa sita usiku, kwenye treni za kawaida za mkoa na mabasi haya. Kwenye treni za mwendokasi za ICE haihusiki.

Ziara ya ndani ni kama nusu saa, picha hairuhusiwi, na begi kubwa la mgongoni haliingii. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga kasri mwaka 1869, akafa 1886 vyumba vingi havijakamilika, kwa hiyo usishangae ziara kuwa fupi. Mandhari bora iko nje, kwenye daraja la Marienbrücke, ila theluji au barafu ikianguka hufungwa. Urefu wa mlima hautakusumbua: kasri liko chini ya mita 1,000, Dodoma yetu imezidi 1,100. Kinachoumiza ni baridi. Vaa viatu vyenye soli ya kung'ata.

Wieskirche iendee mchana tu ikiwa umehakikisha basi la kwenda na la kurudi. Wikiendi ni machache, na Novemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Nje ni kanisa la kawaida machungani. Ndani, lililojengwa 1745 hadi 1754 na Dominikus Zimmermann, kaa benchi la nyuma utazame juu: dari ni karibu bapa, ila mchoro wa kaka yake, Johann Baptist, unalifanya lionekane anga lililo wazi. Wakati wa misa watalii hawatembei ndani. Basi likikosekana, Basilika ya St. Mang iko Füssen penyewe, karibu na stesheni.

SWALI: Mama ana magoti mabovu. Ataweza Neuschwanstein?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Kupanda kuna gari la farasi, ila humshusha kabla ya lango, abaki na mwinuko mfupi. Basi la juu humwacha karibu na daraja, kisha mteremko mkali wa dakika 10 hadi 15, ambao kwa magoti ni mbaya zaidi. Ndani kuna ngazi zaidi ya 300, kupanda na kushuka. Mimi ningempeleka Wieskirche moja kwa moja: maegesho yako karibu, na akishaingia anakaa.