Wababeli na umbali wa Mirihi

Umeuliza kama Wababeli, watu wa kale wa Iraki ya leo, walijua kwamba sayari ya Mirihi husogea karibu nasi kisha hutokomea. Kilomita hawakupima, walipima muda, tena kwa ustadi wa ajabu. Waliandika mienendo yake kwenye vibao vya udongo, na kutabiri mwaka ujao walifungua kumbukumbu za mwaka uliotangulia huo kwa miaka 79, kwa kuwa mienendo hiyo hujirudia karibu vilevile baada ya muda huo. Kwa sayari ya Zuhura ilitosha miaka 8, kwa Zohali 59.

Ukihesabu mwenyewe lini Mirihi itakaribia tena, usitumie miaka 2 kamili: Mirihi huwa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati yao, kila baada ya siku 780 hivi, yaani siku 50 zaidi. Na njia yake si duara kamili, kwa hiyo ukaribu hutofautiana: kilomita milioni 56 mwaka 2003, lakini milioni 101 mwaka 2012. Ikiwa nyuma ya Jua, hufika milioni 400.