Usiwashe upya klasta kabla hujachukua ushahidi

Kaka, umesema klasta yenu ya Cassandra (hifadhidata inayogawanywa kwenye mashine kadhaa) ina nodi 6, yaani mashine sita, moja inageuka DN (inaonekana imezimika) kisha inarudi UN (iko hai) yenyewe, na bosi anataka mziwashe upya zote. Mwombe nusu saa kwanza. nodetool ni amri ya kukagua Cassandra, na hesabu za nodetool tpstats (kazi zilizopita kwenye foleni za nodi), zikiwemo za jumbe zilizotupwa kwa kuchelewa, hurudi sifuri nodi ikiwashwa upya. Sisi tuliwahi kukimbilia kuwasha upya usiku mmoja. Asubuhi tukabaki kubahatisha.

Endesha nodetool status kwenye kila nodi, si moja tu, maana kila moja ina mtazamo wake. Ikiwa ya 3 inaiona ya 5 imekufa na wengine wote wanaiona hai, shuku mtandao kati ya hizo mbili. Halafu nodetool describecluster: skima (muundo wa majedwali) inatakiwa iwe na toleo moja kwenye nodi zote.

Kutoka /var/log/cassandra beba system.log, debug.log na gc.log za nodi zote, pamoja na mafaili ya zamani yaliyobanwa. Ndani ya system.log tafuta mistari ya GCInspector, inayoripoti Java inaposimama ili kusafisha kumbukumbu ya mashine. Ukikuta Java ilisimama sekunde kadhaa kila nodi ilipopotea, mwizi wako ndiye huyo, na mtandao hauna kosa.

Lakini hakikisha saa za mashine zinalingana. Zikipishana hata dakika moja, utasoma matokeo yakitangulia chanzo. Na kabla hujamtumia mtu faili la mipangilio, cassandra.yaml, futa nywila zilizomo, tafadhali.